Mwalimu Eddah Hatoi Mtoto Darasani

Ukitaka kumuudhi Mwalimu Eddah Kiponda, mwambie darasani kwake kuna watoto waliozidi. "Wamezidi nini?" atakuuliza, mikono kiunoni, miwani imeteremka puani. "Chumvi kwenye mchuzi ndiyo huzidi. Mtoto hazidi." Na ukiwa na akili zako utaondoka hapo mapema, maana huyo mama akianza hamalizi leo.

Miaka thelathini na minne amefundisha darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Mtondooni, huku kwetu Mjambere, Kisauni. Si la pili, si la nane. La kwanza! Sasa wanaliita Gredi ya Kwanza, na yeye huwaambia waliite wapendavyo, watoto ni wale wale. Mtoto anakuja Januari analia, kamasi zinamtoka, penseli ameishika kwa ngumi, na ikifika Novemba analisoma jina lake ubaoni huku anacheka. Mara mbili walitaka kumpandisha cheo awe naibu wa mwalimu mkuu, na mara mbili aliirudisha barua. Wenzake walimwona amerukwa na akili.

"Nikakae ofisini nihesabu viti?" aliwaambia. "Na huku chini nani atawafundisha watoto kuandika, nyinyi? Hati zenu wenyewe hazisomeki!"

Alikuwa na namna yake ya kuandikisha watoto, na hiyo ndiyo iliyomtia matatani. Kila mwaka, wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, alivaa raba, akachukua daftari, akapita nyumba kwa nyumba. Hakuuliza karatasi. Akimwona mtoto anacheza mchangani alimwita: "Hebu njoo. Pitisha mkono juu ya kichwa, ushike sikio la upande wa pili." Vidole vikilifikia sikio, humwambia afungue mdomo ili yeye atazame kama meno ya mbele yameanza kung'oka. Basi. Mtoto ameiva. Jina linaingia daftarini, na mzazi anaambiwa shule ni Jumatatu, asimlete amechelewa na asimlete hajanywa chai.

Ndivyo shule za zamani zilivyofanya, na ndivyo yeye mwenyewe alivyoingia. Mamake, Margaret, alimleta Kisauni mgongoni kutoka pande za Ganze, akapanga chumba, akawa anauza mahamri na mbaazi asubuhi kando ya barabara. Mwaka wa kwanza Eddah alipopelekwa shule mkono haukufika, akarudishwa. Alilia njia nzima. Mwaka wa pili haukufika tena, ila safari hii aliinamisha shingo kwa siri mpaka vidole vikaligusa sikio. Mwalimu aliuona ule ujanja, akacheka, akamwandika. Siku ya kuzaliwa aliibuni mwenyewe pale pale: tarehe mosi Januari. Margaret hakujua kusoma, hakubisha.

Kwa hiyo usimwambie Eddah kwamba mtoto anaweza kubaki nje kwa sababu ya kitu kidogo. Kile kilio cha njia nzima hajakisahau mpaka leo. Ulipokuja ugonjwa wa korona shule zikafungwa, wengine walikaa majumbani wakingoja amri. Yeye alichukua boksi la chaki, akapita Mjambere nzima anaandika hesabu kwenye milango ya mabati. Mlango huu kujumlisha, ule wa jirani kutoa. Wenye nyumba walinung'unika, wakazoea. Jioni anarudi na chaki nyekundu, anasahihisha, na watoto wanamfuata mlango hadi mlango.

Sasa sikiliza yaliyotokea mwaka huu.

Januari tulipata mwalimu mkuu mpya, Mussab, kijana wa Mji wa Kale, wa familia za maduka za tangu zama. Mpole, nadhifu, shati limepigwa pasi mpaka unaogopa kumkaribia. Hakuwa mtu mbaya, hilo tuliseme. Ila alikuwa mwoga wa barua za ofisini.

Wiki ya tatu ya muhula alimwita Eddah ofisini. Akainuka kitini alipoingia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kuna nini? Nimewaacha watoto kwenye ma, me, mi."

Mussab akamsogezea karatasi. Ofisi ya elimu ilikuwa imeagiza kwamba kufikia Ijumaa ya mwisho ya Februari, kila mtoto wa Gredi ya Kwanza awe ameingizwa kwenye mtandao wa serikali, na asiyekuwa na cheti cha kuzaliwa haingii. Asiyeingia hana namba. Asiye na namba si mwanafunzi, asikae darasani, arudi kwao mpaka apate cheti.

"Wako watoto themanini na wanane," Mussab alisema taratibu. "Sitini na watano vyeti vyao nimeshavipokea, viko kabatini hapa, wiki ya mwisho nitaviingiza. Ishirini na watatu hawana. Hao, mwalimu wangu, itabidi tuwatoe."

"Tuwatoe? Mimi na nani?"

"Si mimi, mwalimu. Ni amri."

"Basi iambie amri ije yenyewe iwatoe. Mimi nimeshawafundisha a, e, i, o, u. Huwezi kumfundisha mtoto a mpaka u halafu umwambie rudi kwenu, hatukukujua." Akasimama. "Mwalimu mkuu, nakuheshimu. Lakini mimi sitoi mtoto darasani."

Akarudi kwenye ma, me, mi.

Usidhani alikuwa mbishi tu asiyejaribu njia ya halali. Jumatatu iliyofuata aliomba ruhusa, akamchukua bibi mmoja, Mwanatabu, na mjukuu wake, Mweri, wakaenda ofisi ya kuandikisha vizazi. Mweri alikuwa mmoja wa wale ishirini na watatu, msichana mwenye macho makubwa, anayeuliza maswali mpaka mwalimu anamkimbia. Karani waliyemkuta aliitwa Garama, kijana wa kwetu kwetu, tai imembana shingo.

"Kadi ya kliniki ya mtoto?" Garama aliuliza.

"Hakuna," akajibu Mwanatabu. "Alizaliwa nyumbani. Mimi ndiye niliyempokea, kwa mikono yangu hii."

"Kitambulisho cha mamake?"

"Mamake alifariki, mwanangu. Mweri alikuwa hajatambaa."

"Pole, bibi. Basi cheti cha kifo cha mamake."

"Niliambiwa hakitoki bila kitambulisho chake."

"Na kitambulisho chake?"

"Hakuwahi kupata. Hakuwa na cheti cha kuzaliwa."

Garama akaweka kalamu chini. Eddah alimtazama akidhani sasa ameona ule upuuzi, atacheka, atasema hebu tufanye hivi. Wapi! Akasema, "Basi bibi, mkishapata cheti cha kuzaliwa cha marehemu, mrudi."

"Cheti cha kuzaliwa cha marehemu!" Eddah alifoka, watu wote kwenye foleni wakageuka. "Amfufue kwanza, ampeleke kliniki, au vipi? Wewe kijana, huyu mtoto si huyu hapa? Si unamwona? Mweri, msalimie mjomba."

"Shikamoo, mjomba," akasema Mweri.

"Marahaba," akaitikia Garama, na aibu ilimwonekana. Lakini aliita mtu mwingine. Mwanatabu alimshika mjukuu mkono wakatoka, na njiani akasema pengine Mungu hakumwandikia huyu kusoma. Hilo ndilo lililomuuma Eddah kuliko maneno yote ya ofisini. Alinyamaza mpaka wanafika Kisauni, na Eddah akinyamaza ujue hasira imevuka mpaka.

Barua ilikuja siku tatu baadaye. Walimtaka ajieleze kwa maandishi ndani ya siku saba kwa nini amekaidi agizo. Wengine hapo shuleni wangetetemeka. Yeye alijibu kwa mistari miwili: watoto wako darasani kwa sababu ni watoto, na yuko darasani kwa sababu ni mwalimu. Akatia sahihi na tarehe, akaipeleka mwenyewe.

Aliyetetemeka ni bintiye, Linda, anayefanya kazi ya mapokezi kwenye hoteli Shanzu. Alikuja Jumapili baada ya kanisa, akaikuta nakala ya barua mezani, akaketi.

"Mama, umebakisha miezi kumi na mmoja tu ustaafu. Kumi na mmoja! Wakikufukuza, malipo yako ya uzeeni yatakwenda na maji."

"Najua."

"Unajua halafu? Hao watoto si wako. Wazazi wao wenyewe wamelala, wewe ndiye unayepigana na serikali?"

Eddah alikuwa anamenya muhogo. Aliendelea kumenya. Alikuwa anaogopa, tena sana. Nyumba yake ya vyumba viwili, paa lake linavuja, na alikuwa amejiahidi kulibadilisha akistaafu. Tena alitaka sherehe ya kuagwa, hakuisema lakini aliitaka: watoto waimbe, mkuu wa shule atoe hotuba ndefu ya kuchosha, apewe leso na saa ya ukutani. Miaka thelathini na minne amewaaga wenzake kwa pilau, akawapigia makofi. Alitaka na yeye apigiwe.

"Linda," alisema, "ningekuwa nimeambiwa nipunguziwe mshahara, ningenyamaza. Ningeambiwa nihamie Likoni, ningelalamika nikaenda. Lakini nikimtoa Mweri kwa mkono wangu, ule mwaka wangu wa mwisho utakuwa wa nini? Nitasimama vipi siku ya kuagwa?"

"Huna dawa, mama," Linda akasema, akachukua kisu kingine wakamenya pamoja. Alikuwa na hasira naye mpaka jioni.

Katikati ya Februari aliitwa mjini kuhojiwa. Akavaa gauni lake la kanisani, akavuka daraja la Nyali, akafika nusu saa kabla ya wakati. Maafisa walikuwa watatu nyuma ya meza. Aliyeongoza ni Bi Alawiya, mama wa umri kama wake, wa kisiwani, sauti ya chini, buibui linanukia udi. Hakumkaripia. Hao wasiokaripia ndio wa kuogopwa.

"Karibu, mwalimu. Starehe. Hatukukuita kukugombeza, la hasha. Rekodi yako ni nzuri, wallahi. Tunataka jambo hili liishe kwa wema." Akamsogezea karatasi iliyokwisha kuchapwa. "Hapa unasema tu kwamba ulikosea kwa kutolielewa agizo, na kwamba kuanzia kesho watoto hao watapumzika nyumbani kwa muda. Unatia sahihi, unamaliza mwaka wako kwa salama, inshallah, na sisi sote tunakuja kukuaga."

"Kwa muda gani, Bi Alawiya?"

"Mpaka wapate vyeti."

"Nilienda nao kutafuta vyeti. Nimeambiwa mamake mtoto apate cheti cha kuzaliwa kwanza. Mamake amekufa. Sasa huo muda ni wa miaka mingapi, mniambie, nimwambie bibi yake."

Afisa mmoja, kijana, alikuwa anapekua faili la Eddah kwa kutafuta pa kutazama. Mara akasimama kwenye ukurasa. Akarudi nyuma. Akapekua tena.

"Mwalimu, samahani. Mbona cheti chako cha kuzaliwa hakimo humu?"

"Hakimo kwa sababu hakipo."

"Hakipo vipi?"

"Hakipo kabisa. Sikuwahi kuwa nacho. Hiyo tarehe mosi Januari mnayoiona hapo ilibuniwa na mwalimu wangu wa darasa la kwanza, Mungu amrehemu. Kwa tarehe hiyo hiyo nimepata kitambulisho, nimeingia chuo, mmeniajiri, na kwa tarehe hiyo hiyo Desemba mtanistaafisha." Sauti yake ilikuwa inapanda na hakuizuia. "Miaka thelathini na minne mtu asiye na cheti ndiye amewafundisha watoto wenu kusoma. Mbona hamkunitoa? Andikeni basi kwenye hayo maandishi yenu: huyu mwanamke hakuzaliwa. Andikeni! Halafu ndio mniambie niwatoe wale."

Yule kijana alifunga faili polepole. Bi Alawiya akavua miwani, akaipangusa, akaivaa.

"Mwalimu wangu," akasema, na safari hii alikuwa amechoka kikweli, "mimi pia nimeajiriwa. Utatia sahihi, au hutatia?"

"Sitii."

Wakamsimamisha kazi siku hiyo hiyo. Asikanyage eneo la shule mpaka uamuzi utolewe. Alirudi Kisauni na ile barua ndani ya mkoba, akapika, akala, akafua lile gauni. Kisha akaketi kitandani akalia, na hakuna aliyemwona, na asubuhi alikuwa ameamka saa kumi na moja kama kawaida, hana pa kwenda.

Unajua alikokwenda? Langoni. Alibeba kigoda chake, akakiweka hatua moja nje ya lango la Mtondooni, penye barabara ya umma, akaketi. Mtoto akipita anamtengeneza kola. Akipita Mweri anamwambia, "Ingia, kaa mbele, asikwambie mtu utoke. Akikwambia, njoo uniite." Mussab alimwona kupitia dirishani na hakuthubutu kumtoa Mweri wala mwenzake yeyote. Aliwaacha kwa siku hizo chache, akawa anahesabu tarehe.

Ijumaa ya mwisho ilikaribia. Jumatano, nani anakuja kwa hatua za haraka, leso inapepea? Mwanakheri, mwenye duka la nguo pale njia panda. Eddah alimwona akasema moyoni, haya, huyu amekuja kunicheka. Kwani Januari Mwanakheri ndiye aliyelalamika kuliko wote kwamba darasa limejaa, kwamba mwanawe Salem anabanwa na watoto watatu kwenye dawati la wawili. Walirushiana maneno hapo hapo langoni. Cheti cha Salem kilikuwa cha kwanza kuletwa, kimetiwa plastiki.

"Mwalimu Eddah, hujambo."

"Sijambo. Umekuja kuona kama nafasi imepatikana?"

"Acha ukali, nimekuja kukuuliza. Utarudi lini? Maana hao wanaowaweka kwa zamu, leo huyu kesho yule, hawafundishi kitu. Wanawapa watoto rangi wapake." Mwanakheri akashusha pumzi. "Mimi sikupendi, na wewe unajua. Mdomo wako ni mchungu. Lakini wiki ile kabla hujaondolewa, Salem alinishika leso hapa pembeni, akanisomea maandishi yake. Silabi kwa silabi. Wiki ya tano! Mimi mwenyewe nililia dukani, wateja wananitazama. Kakake alifika darasa la tatu hajui."

"Salem ana akili. Husoma na Mweri, wanashindana."

"Ndiyo. Nasikia na huyo Mweri pia anatolewa."

"Ijumaa."

Mwanakheri aliikaza leso kiunoni. Kisha akapita langoni moja kwa moja mpaka ofisi ya mwalimu mkuu. Eddah hakusikia yaliyosemwa huko, lakini shule nzima ilisimulia baadaye. Alimwambia Mussab, "Nipe cheti cha mwanangu." Mussab akauliza cha nini, Ijumaa si ndiyo anaviingiza? Mwanakheri akasema, "Nimebadili nia. Mwanangu hana cheti." Mussab akadhani anatania. "Nina haki ya karatasi yangu au sina?" Alikuwa nayo haki. Mussab akafungua kabati akampa.

Kilichofuata hakikupangwa kwenye mkutano wowote. Mwanakheri alirudi dukani, na duka la nguo huku kwetu ndilo redio. Alhamisi asubuhi wazazi walipanga foleni nje ya ofisi ya Mussab. Mama wa Kigiriama aliyeacha mzigo wake wa ndizi langoni, baba wa kazi za mkono na ndoo ya rangi, vijana wawili wa bara waliofuatana wakizungumza Sheng yao, bibi wa Kiswahili na mkongojo. Kila mmoja na neno lile lile: nipe cheti cha mwanangu. "Lakini mnawaharibia watoto wenu!" Mussab alipaza sauti, jambo ambalo halijawahi kuonekana. "Wakikosa namba wote watarudishwa nyumbani!"

"Basi warudi wote," akajibu yule mwenye ndoo ya rangi. "Uiambie ofisi Mtondooni hakuna darasa la kwanza."

Huko langoni Eddah alikuwa amesimama. Hakuyataka haya. Yeye kujihatarisha ni juu yake, lakini sasa watoto themanini na wanane walikuwa ukingoni, na kama ofisi ingekaza kamba, angekuwa amemharibia kila mmoja. Mwanakheri alikuwa amekuja na wenzake, cheti cha Salem mkononi, na alipotoka Eddah alimshika mkono. "Mrudishie hicho cheti. Nisikilize. Wakishikilia, Salem atakosa."

"Mbona wewe hukurudi nyuma?"

"Mimi ni mzee, nimeshafanya yangu."

"Na mimi ni mama yake," Mwanakheri akasema, akakitia kile cheti kifuani, "na leo hutanifundisha. Subiri huko nje."

Ilipofika saa saba kabati lilikuwa tupu. Mussab akapiga simu mjini. Karani wa shule alikuwa karibu, akayasikia yote. Mussab alitoa salamu kwanza, kisha: "Hapana, Bi Alawiya, sina hata jina moja la kuingiza. Ndiyo, Gredi ya Kwanza yote. Hapana, hawakupotea, wako darasani, nawasikia kutoka hapa. Wazazi wamechukua." Akasikiliza kwa muda mrefu. Halafu, yule kijana mwoga wa barua, akasema jambo ambalo wazazi wake Mji wa Kale nadhani hawajalisikia: "Kama mnataka watolewe, mje wenyewe. Mimi siwatoi." Akaweka simu, akaomba maji.

Ofisi haikuja. Shule yenye watoto themanini na wanane darasani na sifuri kwenye mtandao ingeulizwa maswali mpaka Nairobi, na hakuna aliyetaka kuwa wa kuyajibu. Muda ukasogezwa mpaka mwisho wa muhula. Na Jumanne iliyofuata, gari la serikali likaingia Mtondooni, likiwa na meza, mashine ya alama za vidole, na Garama na tai yake. Amepewa ruhusa ya kuandikisha waliochelewa hapo hapo shuleni, wote ishirini na watatu. Kilichobaki ni kimoja: kila mtoto asiye na kadi ya kliniki apate shahidi, mtu mwenye kazi ya umma, anayeijua familia, atie sahihi kwamba mtoto ni wa hapa.

Garama alimuuliza Mussab. Mussab alikuwa na miezi miwili tu hapo, hamjui hata mmoja kwao. Aliuliza walimu wa zamu. Wanawajua kwa rangi walizopaka. Mzee wa mtaa alikuja, akawajua saba.

"Sasa nani anawajua?" Garama akauliza.

Mwanatabu, aliyekuwa amesimama na Mweri mbele ya foleni, akanyoosha kidole kuelekea langoni.

"Haruhusiwi kuingia," akasema Mussab.

Garama akatazama foleni, akatazama lango, akalegeza tai. Akaifunga mashine yake, akashika meza upande mmoja, mwenye ndoo ya rangi akashika wa pili, wakaitoa nje ya lango, wakaiweka mbele ya kigoda cha Eddah, barabarani, pikipiki zinapita zikipiga honi.

"Jina la shahidi?" akauliza Garama, bila kumtazama usoni.

"Eddah Kiponda."

"Wadhifa?"

"Mwalimu wa darasa la kwanza."

Kalamu ikasita. "Mama, nimesikia umesimamishwa."

"Nimesimamishwa, sikufutwa. Tena unaniona nimesimama? Nimeketi. Andika mwalimu."

Garama akaandika mwalimu. Wakaendelea hivyo mpaka adhuhuri. Kila mtoto alipofika mbele ya meza, Eddah alisema mama ni nani, nyumba iko wapi, alizaliwa mwaka wa mvua gani, na nduguye mkubwa alikuwa na hati mbaya vipi. Hakubabaika hata mara moja. Alipomaliza alikuwa ametia sahihi ishirini na tatu, kidole kimeingia bonde la kalamu, na Mwanatabu alikuwa anafuta machozi kwa pembe ya leso huku Mweri akimuuliza kwa nini analia na kama kesho atalia tena.

Hapo ndipo Mussab alipotoka na bahasha. Alikuwa amejawa na furaha. "Mwalimu, imekuja sasa hivi kutoka mjini. Wanakurudisha kazini! Miezi yako yote, malipo yako yote, hakuna kitakachoguswa. Jumatatu uko darasani. Tia sahihi hapa tu."

Eddah akaisoma kwa utulivu, midomo inacheza kama anavyowafundisha watoto wasifanye. Ilikuwa ile ile karatasi ya Bi Alawiya, imebadilishwa kidogo: Nakiri kwamba nilikosea kuwaweka darasani watoto wasiostahili.

Kalamu ya Garama ilikuwa bado mkononi mwa Eddah. Linda, aliyeomba ruhusa hotelini aje amwone mamake, alifunga macho. Paa linalovuja lilikuwa kwenye karatasi ile, na ile saa ya ukutani, na nyimbo, na pilau, na Eddah alivitaka vyote.

"Mwanangu Mussab," akasema, "leo nimetia sahihi ishirini na tatu, na zote ni za kweli. Hii ni ya uongo. Irudishe."

"Mwalimu, ni maneno tu! Nani atayasoma?"

"Mimi nimeyasoma. Wasiostahili! Wewe umewaona hawa miezi miwili, yupi hastahili? Nitajie mmoja."

Mussab akaikunja karatasi mara mbili, tatu, mpaka ikawa ndogo, na machozi yakamlenga kijana wa watu. "Sasa mimi nifanyeje, mwalimu?"

Eddah akamrudishia Garama kalamu yake, akainuka, akakikung'uta kigoda vumbi.

"Hao watoto wamefika wapi?"

"Wamerudishwa kwenye ma, me, mi."

"Tangu nilipoondoka? Aibu gani hiyo! Shika chaki uingie ukawafundishe mwenyewe, cheo chako kisubiri. Mimi nitakuwa hapa kesho saa moja, nje ya lango. Na uje uniambie wamefika sa, se, si."

Akatia kigoda kwapani, akaondoka kwa miguu.